Odias Groleau na Pampu ya Ng'ombe

Shemeji yangu Odias Groleau alizaliwa, akaishi na akafa hapa hapa barabara ya Safu ya Nne, mkoani Beauce. Kwa kuwa habari zake siku hizi zinasimuliwa gereji na watu ambao hata hawakuwapo, nimeona niziandike mimi niliyekuwapo. Wajukuu wa ukoo wetu wana haki ya kuzipata zikiwa safi.

Alikuwa mtu mfupi mwenye masharubu ya kupinda na macho ya mtu aliyekwisha kukufanyia jambo ambalo hujaligundua. Akija kula kwangu, nilihesabu vijiko. Hakuwa mwizi, isieleweke vibaya. Alikuwa anavitumbukiza ndani ya buti za Padre pale mlangoni.

Mume wangu Rosaire alipofariki, mimi na Odias, mdogo wake, tulibaki na msitu wa miti ya mepo wa ukoo. Masika, theluji inapoyeyuka mchana na maji kuganda usiku, miti hiyo hutoa utomvu, nasi huuchemsha mpaka uwe shira. Na kila Jumatatu ya Pasaka parokia nzima huja kula kwenye banda letu la shira: maharage, mayai yaliyopikwa ndani ya shira, na zile ngozi za nguruwe za kukaanga tunazoziita masikio ya Kristo, jina ambalo Padre halipendi ingawa sahani huimaliza. Karamu hiyo ilikuwa ya akina Groleau tangu enzi za babu yake Rosaire. Kunyang'anywa kungekuwa sawa na kuhamishiwa benchi la nyuma kanisani.

Basi mwaka mmoja jirani yetu Clovis Thivierge akanunua pampu mpya ya kuvuta utomvu kupitia mipira iliyofungwa kwenye miti. Sisi tulikuwa na pampu ya kukamulia ng'ombe, ambayo Odias aliing'oa zizini tulipouza ng'ombe wa mwisho. Ilikunywa mafuta, ikatema moshi, na mshale wa geji yake, inayopima nguvu ya kuvuta kwa inchi, haukupita kumi na tano. Ya Clovis, kama alivyotangaza mwenyewe mlangoni mwa kanisa, ilivuta ishirini na saba. Watu wakaanza kunong'ona kwamba karamu ihamie kwa Thivierge, kwenye shira nyingi. Wazee wa kanisa, wakiongozwa na Bibi Exilda Bizier, wakasema watapita Jumamosi kukagua mabanda yote mawili, kisha waamue.

"Tununue kama ya Clovis," nikamwambia Odias.

"Ile ya kuzungusha maji? Shemeji, ile kila jioni lazima uikojoze kama mtoto kabla ya kulala. Ukisahau, maji yanaganda, asubuhi unaikuta imepasuka tumbo."

"Basi ile kavu, isiyotaka maji."

"Kubwa mno kwetu. Pampu unaichagua kwa wingi wa mashimo uliyotoboa kwenye miti, si kwa urefu wa pua ya mwenye nayo. Na hata uwe na pampu ya shetani mwenyewe, mipira ikiwa na matundu utavuta hewa tu."

"Mipira yetu ina matundu?"

"Kindi wameitafuna msimu mzima wa baridi."

"Umeipitia kuiziba?"

Akatazama dari. "Goti, shemeji."

Goti la Odias liliuma kazini tu. Kwenye harusi lilipona kabla ya fidla kuanza.

Ijumaa, mkesha wa ukaguzi, nikaenda bandani. Pampu ilikuwa inalia kama nguruwe aliyebanwa mlangoni, moshi umetanda, na geji inasoma ishirini na mbili. Odias amesimama kando, mikono kifuani, kama baba wa ubatizo.

"Umeona, shemeji? Pampu ya ng'ombe hiyo!"

Nilikuwa karibu kumpongeza. Lakini pale ukutani ipo chupa kubwa ya kioo inayopokea utomvu kutoka msituni. Ikijaa hujimwaga kwenye pipa kwa kishindo, na siku njema kishindo hicho hakikuachi uzungumze. Siku ile jua lilikuwa kali, miti inachuruzika, na chupa iko kimya. Nikalifuata bomba kwa macho hadi nyuma ya rundo la kuni. Koki kuu ilikuwa imefungwa. Pampu haikuwa inavuta msitu hata kidogo. Ilivuta kipande cha bomba tupu, na geji ikapanda kwa raha zake.

"Odias."

"Naam, shemeji."

"Nani amefunga koki?"

"Upepo."

"Odias!"

"Sasa shemeji, Exilda haoni hata supu iliyo mbele yake. Atasoma geji, atasema ala, ataondoka."

"Nao wengine je? Heri karamu iende kwa Thivierge kuliko ibaki hapa kwa uongo. Jina la Rosaire liko juu ya mlango huu."

"Mimi nimedanganya nini? Geji ndiyo inayosema. Mimi nimenyamaza."

Nikaifungua koki kwa mkono wangu. Mshale ukaanguka. Nikamtupia viatu vyake vya theluji.

Tuliupita msitu wote, jioni ile na asubuhi yake, tukisikiliza panapofyonza na kutazama mapovu yanayokimbia ndani ya mipira, maana povu likikimbia, tundu liko karibu. Odias alilalamika njia nzima, na kila tundu alilipa jina la mzee mmoja wa kanisa. "Hili Exilda, halizibiki." Nilijifanya sisikii. Tulipomaliza, geji ilisoma kumi na tisa, na chupa ikawa inajimwaga kila ukipepesa macho.

Mchana wazee wa kanisa wakaja. Wakatazama kumi na tisa yetu, wakaminya midomo, wakavuka barabara kwenda kwa Clovis. Tukawafuata. Kule geji ilisoma ishirini na nane.

"Ishirini na nane, Mama Groleau," Clovis akaniambia, tumbo mbele. "Na hapo bado haijakasirika."

"Hongera, Clovis. Mbona chupa yako imelala?"

"Inapumzika."

"Mchana huu, na jua hili?"

Bibi Exilda akasogea, akabandika pua kwenye kioo. "Clovis, mwanangu, humu mkavu kama koo langu!"

Hapo Odias, bila kutafuta, akaenda moja kwa moja nyuma ya mlango, akainama, akafungua koki. Mipira ikapiga mluzi. Mshale ukashuka mpaka kumi na moja, na utomvu ukaja vijiko viwili na povu. Clovis aliiamini pampu yake hata hakukanyaga msitu msimu mzima kuziba matundu. Akawa mwekundu kama bitiruti.

"Karamu inabaki kwa Groleau," Bibi Exilda akasema. "Na wewe Clovis utaleta masikio. Mengi."

Tukiwa njiani kurudi nikamuuliza shemeji yangu amejuaje koki ya mwenzake iliko.

"Nilimwonyesha mimi. Juzi, alipokuja kuazima spana."

"Ulimfundisha hila yako mwenyewe?"

"Mchezo mtamu kama ule, shemeji, niufiche wa nini?"

"Kwa hiyo mlitaka geji zote mbili zidanganye!"

"Nilitaka kumwona Exilda akichagua."

Kwa hiyo wale wa gereji wanaosema akina Groleau walimtegea Thivierge mtego, wajue sivyo. Koki yetu ilikuwa wazi. Mwaka uliofuata nilinunua pampu ya maji, na Odias aliikojoza kila jioni, akiitakia usiku mwema kwa jina la Exilda.

Jumatatu ya Pasaka Clovis alikuja na masikio yake, beseni zima, akakaa karibu na Odias, wakacheka mpaka machozi. Watu walipoondoka nilihesabu vijiko. Vilipungua viwili, na Clovis nikamwona akivuka barabara anachechemea.