Siku Tisa Nilizomzuia Frateri

Hadi leo nikisikia kitu cha kioo kikigongagonga ndani ya maji yanayochemka, mikono yangu hutafuta sabuni. Inaweza kuwa ni chupa tu ya mtoto inayochemshwa kwa jirani. Sauti ile hunirudisha mtaani kwetu Gikondo, kwenye kiua chetu nyuma ya magereji, nikiwa na miaka kumi na mmoja, na bomba la sindano la Mama likicheza ndani ya sufuria juu ya jiko la mkaa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Baba alikuwa fundi wa malori, mzaliwa wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka kunakosemwa Kiswahili, ndiyo maana nyumbani tulianza sentensi kwa Kinyarwanda na kuimaliza kwa Kiswahili. Kaka yangu Anastazi alikuwa mwaka wa pili katika seminari kubwa, mbali huko kusini. Mtaa mzima ulimwita Frateri, kama waitwavyo wanaosomea upadri. Hata Mama Zaituni, jirani yetu Mwislamu ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka pwani, alimwita hivyo. Yeye ndiye aliyemshonea kanzu yake ya kwanza, na aliwaambia wateja wake kwamba kati ya msikiti na kanisa hakuna kanzu iliyokaa mabegani vizuri kama ile.

Likizo kubwa ya mwaka ule, Anastazi akiwa nyumbani, Mama alizimia akiteka maji kisimani. Alilazwa wiki mbili, na aliporudi tulikuwa tumejifunza neno jipya: sukari. Sikuelewa. Chai yetu yenyewe tulikuwa tunaitia sukari Jumapili tu. Mama alitakiwa kuchomwa sindano asubuhi na jioni, siku zote za maisha yake, na zahanati ilikuwa juu ya kilima ambacho miguu yake haikukiweza tena. Kujichoma mwenyewe hakuweza pia. Vitu vya mbali aliviona, angeweza kukuambia ni nani anashuka barabarani kabla hajafika, lakini mistari midogo ya kwenye bomba ilikuwa ukungu mtupu machoni pake.

Baba alijaribu mara moja. Yule mtu aliyeweza kufungua injini nzima na kuirudisha bila kubakiza skrubu, alipoiona sindano inakaribia ngozi ya mkewe alikaa chini taratibu, kisha akalala. Tulimmwagia maji. Basi Sista wa zahanati akamfundisha Anastazi.

Sijui niwaelezeje furaha ya nyumba ile. Najua ni vibaya kusema furaha palipo na mgonjwa. Anastazi alikunja mikono ya shati, akachemsha bomba, akalijaza, akaligonga kwa ukucha ili mapovu yapande, kisha akaibana ngozi ya Mama na kuchoma, huku akimsimulia jinsi padri mmoja mzee kule seminari alivyokuwa akisinzia kwenye mahubiri yake mwenyewe. Mama alikuwa bado anacheka sindano ikiwa imeshatoka. Baada ya hapo kaka yangu alitembea huku na huku kati ya migomba, kitabu cha sala mkononi, midomo ikienda, mara anasimama kuigeuza mihogo jikoni. Mihogo iliungua karibu kila siku. Harufu ya mkaa, spiriti na mihogo iliyoungua, hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya amani kwangu.

Lakini likizo iliisha. Wenzake walirudi. Padri mkuu wa seminari alimwongezea wiki mbili, akaandika kwamba baada ya hapo mwaka wake utakuwa umepotea. Anastazi akaniita kiuani, akanipa bomba, maji safi na chungwa, nijifunze kabla hajaondoka.

"Konso," alisema, "ngozi ya chungwa ni kama ya mtu. Choma bila kusitasita, ukisitasita ndiyo unaumiza."

Siku ya pili tu nilikuwa naweza. Nilijua mwenyewe, kwa sababu niliondoka na chungwa lile nyuma ya jiko nikalichoma mara kumi, mkono umetulia, kipimo sawasawa na alichosema. Kisha nikarudi mbele ya kaka yangu nikaliangusha bomba majanini.

Kesho yake niliipinda sindano. Siku nyingine nililia. Nilivuta maji mengi mno, nikavuta kidogo mno, nikasema naona kizunguzungu kama Baba. Kwa siku tisa nilikuwa mjinga kwa bidii ambayo sijawahi kuitia katika kitu kingine chochote. Anastazi hakunikaripia hata mara moja. Alisema tu, "Tutajaribu kesho," akaenda kwenye migomba na kitabu chake, lakini sasa kitabu alikishika kimefungwa.

Siku ya kumi alituambia wakati wa uji. Ameandika barua ya kuacha seminari. Paroko wetu alikuwa anasafiri kwenda kusini asubuhi ile, angeifikisha mwenyewe. Baba aliangalia kikombe chake. Anastazi alivaa viatu, akatoka.

Hatua zake zilipopotea barabarani, Mama aliniita chumbani.

"Lete bomba."

"Kaka amenichoma... amekuchoma tayari, Mama?"

"Leo bado, amesema akirudi. Lete. Dawa iko kwa mtungi."

Tuliitunza dawa ndani ya mtungi wa udongo wenye maji, ipate ubaridi. Niliitoa nikaifuta maji. "Mama, mimi siwezi."

"Unaweza, weye. Nilikuona nyuma ya jiko ukilitoboa chungwa la watu kama mdudu. Mkono wako ulitulia kuliko wa Sista."

Hakuwa na hasira. Alipandisha kitambaa, akatoa paja, akageuza uso ukutani. Nilivuta dawa, nikagonga bomba kwa ukucha, nikabana ngozi. Ilikuwa laini kuliko chungwa na ilikuwa na joto. Nikachoma. Mama hata hakushtuka.

"Haya," alisema, "sasa kimbia. Mwambie kaka yako umenichoma. Usiseme lingine."

Nilikimbia Gikondo nzima miguu mitupu, nikimpita Mama Zaituni aliyetoka mlangoni na futi yake shingoni akipiga kelele, "Kuna nini? Mama iko namna gani?" Sikusimama. Nilimkuta Anastazi kwenye ngazi za nyumba ya mapadri, barua mkononi, gari la paroko likiwa limeshawashwa.

"Nimemchoma Mama," nilisema.

"Nini?"

"Nimemchoma. Mwenyewe. Hakulia."

Alikaa kwenye ngazi. Nilidhani atacheka, lakini alijifunika uso kwa ile barua, mabega yakamtikisika muda mrefu. Gari la paroko liliondoka bila barua. Alhamisi tulimsindikiza hadi stendi ya Nyabugogo, kwenye kelele za wapagazi na makondakta, akapanda gari la kusini.

Alipewa upadri miaka mitano baadaye. Asubuhi ya siku ile nilimchoma Mama mapema kuliko kawaida, kisha nikamfunga kilemba.

Miaka mingi niliibeba dhambi ile kwa siri. Niliamini kwamba mimi, mtoto wa miaka kumi na mmoja, nilikaribia kumnyang'anya Mungu padri. Nilikuwa nimeshaolewa nilipopata ujasiri wa kumuuliza Mama. Alikuwa amekaa kitandani, nimemaliza kumchoma, nimembeba mwanangu wa kwanza wa miezi minne.

"Mama, ile siku uliyoniona na chungwa, ilikuwa ipi?"

"Ile ile ya kwanza, kabla hujaliangusha bomba."

Nilihesabu kichwani. Siku tisa. Siku tisa alilala pale akinisikiliza nikijifanya mjinga, akimsikia mwanawe akishusha pumzi kwenye migomba, na kila asubuhi akapokea sindano na hadithi zake.

"Mbona hukusema?"

Mama alinitazama, akamtazama mtoto aliyelala kifuani kwangu.

"Ungekuwa weye," alisema, "ungesema?"

Nilimvuta mwanangu karibu zaidi, nikaenda kuosha bomba.