Papa Anakuja Kufundisha Historia

Kitabu chetu cha historia kilikuwa na ukurasa mmoja juu ya mababu zetu, bankambo, nao ulisema hawakuwa na historia. Niliufundisha vizuri sana. Nilikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa somo hilo katika shule ya walimu pale Masisi, na kila jioni nyumbani Lushebere nililirudia jikoni kwa sauti, kwa Kiswahili, mpaka mama akaniomba nimwache apike maharagwe kwa amani. Papa aliota moto tu.

Kisha padri mkuu wa shule akarudi kutoka likizo ya Ulaya na sanduku la majarida. Wataalamu wa kule, akatueleza, wamegundua kwamba hata watu wasioandika wana historia, na kwamba inapatikana kwa kuwauliza wazee. Tulipiga makofi. Nani asiyependa kugunduliwa?

"Papa yako iko anajua mambo ya zamani," akaniambia. "Umulete ku classe, inspecteur atasikiliza. Kama inaenda muzuri, utabakia na somo. Kama hapana, nitatafuta mwengine."

Kujua, alijua. Kabla ya ubatizo Papa alikuwa mmoja wa wale wachache wanaomtawaza mwami, mtawala wetu, na ndio pekee wanaotunza habari za nani alifika kwanza kwenye vilima hivi. Aliyembatiza ni padri huyohuyo.

Papa alikuja na koti lake la Pasaka. Padri na inspekta wakakaa nyuma, wanafunzi wakashika kalamu.

"Papa, utuelezee," nikamwambia. "Mbele ya Wazungu kufika, huku kulikuwa nini?"

Papa akasimama wima.

"Mbele ya Wazungu kufika, bankambo betu hawakukuwa na histoire. Walikuwa wanaishi mu giza, wanapigana bure..."

Akaendelea hivyo ukurasa mzima, neno kwa neno, akipumzika palepale ninapopumzika mimi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Inspekta aliandika mbiombio. Padri alifurahi kupita kiasi: ushahidi wa wazee unakubaliana kabisa na kitabu! Somo likabaki kwangu.

Njiani nilishindwa kujizuia.

"Papa, juu ya nini? Ile yote unaijua!"

"Siku ya batizo niliapa mbele ya padri asema nilitupa ile mambo, sikumbuke hata moja. Njo sababu walikukubali ku masomo, juu uko mutoto wa mukristo wa kweli. Leo nikumbuke, na weye utakula nini?"

Niliona haya, na hasira pia, sijui hasira ya nani. Nikamwomba basi anielezee mimi, tuko wawili tu, hakuna padri.

Papa akavua koti lake la Pasaka, akalitia begani.

"Nikuelezee nini? Kila mangaribi niko nakusikia ku jikoni, unasema hatukukuwa na histoire."

Kesho yake asubuhi nilikuwa na darasa. Nilifungua ukurasa uleule.