Daktari aliniambia mfupa wa taya langu unaota

Wakuu, salaam kutoka Kigali. Nitasema kweli tupu, hata pale inaponiaibisha.

Mimi ni Mtanzania, nimevuka hamsini, nafundisha chuo huku na kuandika makala ambazo mke wangu husoma kwa kulazimishwa.

Mwaka jana taya la kushoto lilivimba. Halikuuma. Nikadhani nanenepa upande mmoja.

Eksirei ikaonyesha kifuko cha maji ndani ya mfupa, kikubwa kama yai la kware. Daktari, mama wa Kinyarwanda aliyekulia Tabora, akaitazama, kisha akasema: "Ihangane, mwalimu."

Wakuu, neno hilo nilikuwa nalisikia misibani tu. Nikaanza kugawa vitabu vyangu kichwani.

Akacheka sana. "Hujafa bwana! Nasema vumilia. Nikikitoa chote leo, taya linaweza kuvunjika, na mshipa wa fahamu ukaumia. Mdomo wa chini utabaki na ganzi. Na wewe si unakula kwa kuongea?"

Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Akatoboa tundu dogo, akashonea kamrija ili maji yatoke na presha ishuke. Kipande cha kifuko akakipeleka maabara; haikuwa saratani. Mpango wake: kifuko kisinyae polepole, mfupa ujijaze, ndipo akitoe kilichobaki.

Basi kila asubuhi nilikaa kibarazani kwetu Kimihurura na bomba la sindano, nikisukuma maji ya chumvi ndani ya taya. Ukungu umejaa bondeni, vilima vimebaki vichwa tu. Nilisikia maji yakiingia kwenye chumba ambacho miaka yote sikujua ninacho, yakizunguka, yakitoka. Nikawa nasahau kufumba.

"Baba Neema, funga mdomo, chai inapoa," mke wangu alisema.

Mwezi wa tatu mrija ukachomoka. Uvimbe ulishapungua, nikajitangazia uponyaji. Nikakaa siku nne. Niliporudi, tundu lilikuwa karibu kuziba.

"Nani kakwambia umepona? Msomi mzima!" Akanitoboa upya. Nilistahili.

Miezi ikapita. Picha mpya ilipotoka, palipokuwa na weusi palikuwa na weupe hafifu, kama pumzi kwenye kioo.

"Unaona? Mfupa unaota."

Niliteremka kwa miguu hadi nyumbani nikilitafuna neno hilo. Kiswahili kina neno moja kwa mbegu na kwa usingizi. Nikajiuliza mfupa wa mtu mvivu kama mimi unaota nini humo gizani.

Upasuaji wenyewe ukawa mfupi. Kesho yake daktari akapitisha pamba kwenye mdomo wangu wa chini.

"Unahisi?"

Niliomba apitishe tena.

"Inatekenya," nikasema, na machozi yakanitoka mbele ya manesi.

Nilichojifunza: uvimbe usiouma usiuzoee, kapige picha. Na mrija ukichomoka, rudi siku hiyohiyo, usijifanye daktari.

Aliyewahi kuishi na mrija tayani aje atusimulie. Na wenye kunicheka, karibuni pia, nimejiandaa.