Mtani Chini ya Mkuku

Mfaume wa Msasani alikuwa mwoga, na wala hakuficha. Aliogopa radi, aliogopa ng'ombe, aliogopa hata kupanda mnazi wa babake mwenyewe. Watu wakimcheka huwajibu kwamba kwa shujaa huenda kilio, kwa mwoga huenda kicheko, akaendelea na kazi yake. Na kazi yenyewe ilimtaka mwoga hasa: kufungua vyuma vya vyombo vya baharini vilivyogandishwa na kutu. Mwenye pupa huvamia nati na spana, kingo zikaliwa, basi tena, haishikiki. Mfaume aliogopa kuziharibu, kwa hiyo huzimwagia mafuta taa yaliyochanganywa na ya nazi, akazigonga kidogo kidogo kama mtu anayebisha hodi ukweni, hata chuma kikalegea chenyewe.

Mwenzake katika kazi alikuwa Leodegar, Mnyamwezi wa Tabora, Mkristo wa misheni, mtu wa kifua kipana aliyewahi kufanya kazi relini. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na mtani huyu hakuwa na staha hata chembe. Huingia uani kwa Mfaume bila hodi, akakamata kuku, akamwambia Zuena, mke wa Mfaume, kuwa marehemu mumewe kamwachia urithi. Zuena afanyeje? Aliyechukua kuku kwa utani hadaiwi. Mfaume alinung'unika sana, lakini siku Leodegar asipotokea, yeye ndiye aliyekuwa akichungulia njiani.

Kabla kidogo ya vita ya Hitla wakapata mashua ya kizungu, ya kale, iliyoundwa zamani za Mjerumani. Mzungu aliyeinunua aliitaka irudi ilivyokuwa. Chini ya mkuku wake, ule mti mrefu wa chini unaobeba mbavu za mashua, palifungwa chuma kirefu cha kuipa uzito, kimeshikwa na bolti zilizopenya mpaka ndani, na nati zake zote zilikuwa kutu tupu. Waliiegemeza kwa magogo ufukweni, wakawa wanaifanyia kazi maji yakipwa. Nati zikalegea moja baada ya nyingine, isipokuwa ile ya katikati.

Asubuhi waliyoishughulikia hiyo, maji yalikwisha anza kurudi. Mfaume akasema waache, waje kesho. Leodegar akawageukia wavuvi waliokuwa wakishona nyavu zao, akawauliza kama wamepata kuona mwanamume anayeogopa maji ya kisigino. Wakaangua kicheko. Mfaume akaona haya, akaokota spana yake tena. Ole wake! Woga wake haukuwahi kumdanganya, na siku hiyo ndiyo aliyoukataa.

Leodegar akapiga magoti chini ya mashua, akapenyeza mkono kwenye mwanya kati ya mbao na chuma, upande wa nyuma, akwangue lami ya zamani iliyokuwa bado imevigandisha. Lami ikaachia ghafla. Upande wa mbele wa chuma ukaanguka mchangani kwa kishindo, na kwa kuwa kilishikwa na bolti moja tu ya katikati, upande wake wa nyuma ukainuka, ukaubana mkono wa Leodegar kwenye mbao.

Wavuvi walikimbilia, wakainua, wakasukuma. Chuma hakikutikisika. Uso wa Leodegar ulikuwa umesawijika, lakini bado alitania, akasema Wazaramo wote hao hawatoshi chuma kimoja. Maji yakampanda kiunoni, yakamfika kifuani. Mfaume alipanda ndani ya mashua, akalala kifudifudi, akaitia spana kwenye nati. Haikwenda. Spana ikamponyoka, akaitafuta kwa kupapasa huku machozi yakimtoka.

Nje walimpigia kelele apige nyundo, apige kwa nguvu zote. Hakuthubutu. Kingo zikiliwa, Leodegar amekufa. Ilibaki njia moja, na hiyo aliiogopa kuliko mauti yake mwenyewe. Nati iliyokataa kulegea, mara nyingine hukazwa kwanza, kidogo tu, kutu ipasuke. Lakini kuikaza hii ni kukivuta chuma juu, nako juu kuna mkono wa mtu.

Akainama ukingoni. Maji yalikuwa shingoni kwa Leodegar.

"Mtani, lazima nikaze kwanza."

Alingojea atukanwe. Alingojea aitwe mwoga, marehemu, lolote. Leodegar alimtazama tu.

"Kaza, Mfaume."

Hakuna utani, jina tupu. Mfaume akarudi kwenye nati, akafumba macho, akakaza. Kutoka chini ukaja ukelele ambao wavuvi wale hawakuusahau, kisha nati ikalia kwa mpasuko mdogo. Akaigeuza upande wa pili, ikaenda. Akaizungusha kama mwendawazimu mpaka bolti ikachomoka na chuma kikazama mchangani. Wakamvuta Leodegar, maji yamekwisha mfika puani.

Hospitali wakamkata vidole viwili.

Alipopona alikuja kumshukuru Mfaume, na jamani, alipiga hodi! Akaketi kwenye mkeka, akauliza hali za watoto, akamwita Bwana Mfaume, akaaga kwa adabu. Mfaume usiku huo hakula. Kila Leodegar alipokuja ilikuwa hivyo hivyo, hodi na Bwana, na mkono ule ameuficha ndani ya kanzu. Kuku wakaongezeka uani, hakuna wa kuwagusa. Zuena alimwambia avumilie, mwenziwe bado ana maumivu. Mfaume akasema vyuma anavijua, moyo wa mtu haujui. Aliogopa kumuuliza. Aliogopa jibu.

Masika yakapita. Asubuhi moja akiwa bafuni alisikia kuku wanapiga kelele uani, akatoka mbio na povu kichwani. Leodegar alikuwa anatoka na jogoo kubwa la Mfaume, lile alilokataa kuliuza hata kwa Mwarabu wa dukani. Alilikamata miguu kwa vidole vyake vitatu, na hakuuficha mkono.

"Huyu ni wa kidole cha kwanza," akamwambia. "Wa pili nitamfuata Krismasi, mwoga we."

Mfaume akakaa kizingitini, akalia kwa sauti, na Zuena akadhani analilia jogoo.