Sori ya Nakuru

Mwezi uliopita mvua ilipenya chini ya mlango wa gereji yangu hapa Champlin, Minnesota, ikalowesha maboksi ya makoti ya baridi niliyokuwa nimeyapanga sakafuni. Nilipofungua mlango, harufu ikanipiga usoni: boksi lililolowa, gundi, na joto la Julai. Ni harufu tamu kidogo na mbaya kidogo. Mume wangu akasema tuyatupe yote. Mimi nilikuwa nimesimama pale kama mtu aliyeitwa jina, maana harufu ile naijua tangu nilipokuwa na miaka kumi na minne, na jina nililoitwa wakati ule nalijua pia. Niliitwa Sori.

Tulikuwa tumefika kutoka Nakuru mwezi wa nne, mimi na mama, theluji ya mwisho ikiwa bado imerundikana kando ya barabara, chafu kama majivu. Shuleni walinipima Kiingereza. Mimi niliyefundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, niliyechapwa kwa sababu ya Kiingereza, nilipimwa na bwana mmoja mpole aliyeinamisha kichwa kila nikifungua mdomo, kisha akasema lafudhi yangu ni nzito. Akaniandika darasa la wageni wanaoanza kujifunza lugha. Lakini akaniachia mlango mmoja: nikihudhuria muhula wa kiangazi wote bila kesi ya nidhamu, Septemba ningeingia darasa la tisa la kawaida na wenye rika langu. Nikiharibu, ni mwaka mzima wa kuchora tufaha na kuandika chini yake kwamba hili ni tufaha.

Sijawahi kutaka kitu maishani kama nilivyoutaka ule mlango. Asubuhi nilikuwa wa kwanza kituoni, nimepakwa mafuta mpaka magotini, nikipigana na mbu. Msidanganywe na baridi ya huku. Mbu wa Minnesota wakati wa kiangazi ni wakubwa na hawana haya. Asubuhi tulisoma hesabu na insha. Mchana ulikuwa wa shughuli, na shughuli kubwa ya mwaka ule ilikuwa kuunda mashua za maboksi. Ndiyo, maboksi, yale ya kuja na friji. Kila kundi lilipewa maboksi na selotepu pana ya kijivu, basi, na Ijumaa ya mwisho ya muhula mashua zingeshindanishwa ziwani, nahodha mmoja ndani ya kila mashua, na ambaye angefika ng'ambo ya kamba bila kuzama ndiye mshindi.

Kundi letu lilikuwa la watatu. Alikuwepo Hailey, msichana mwembamba mwenye madoadoa puani, aliyecheka kila kitu hata mbu. Nilikuwepo mimi. Na alikuwepo Melisa.

Melisa alikuwa Mkenya kama mimi, ila alizaliwa huku. Mama yake ndiye aliyemtafutia mama yangu kazi ya kutunza wazee, na ndiye aliyekuwa akimpeleka na kumrudisha kwa gari, kwa sababu mama hakuwa na leseni, na huku bila gari huna miguu. Tulisali kanisa moja. Mama Melisa alikuwa akimsemesha Kiswahili kutwa nzima, na Melisa akijibu kwa Kiingereza, bila kukosea jibu hata moja. Nilimpenda, nasema wazi. Nilipenda nywele zake, raba zake, na jinsi alivyotembea shuleni kama mtu aliye jikoni kwao. Kwake yeye nadhani nilikuwa kama ile harufu ya vitunguu inayomfuata mtu na koti lake kutoka nyumbani.

Mashua aliichora Melisa. Alikuwa amewaambia mpaka watu wa kanisani kwamba yeye ndiye atakayepiga kasia. Lakini mwalimu wetu wa mchana, Bi. Karin, mama mrefu asiyevua kofia ya ukili, alitupima kwa macho akasema nahodha awe Hailey, kwa kuwa ndiye mwepesi. Melisa akanuna kwa namna ya huku, yaani akatabasamu.

Siku ya majaribio tuliibeba mashua juu ya gati la mbao pale ziwani. Hailey alikuwa mbele akitembea kinyumenyume, mimi nilikuwa nyuma, Melisa yuko katikati ubavuni. Mbao zilikuwa zimelowa, na boksi lilikuwa limeanza kulainika na kutoa ile harufu. Nilimwona Melisa akiipiga mashua kwa nyonga, kwa nguvu, kuelekea mbele. Sijui kama alitaka mwenzake adondoke majini tulowane tucheke. Hailey alirudi hatua moja asiyokuwa nayo, akaanguka kando ya gati, na mkono wake ukagonga nguzo ya chuma. Nilisikia mfupa ukivunjika.

Niliacha mashua, nikashuka kwenye maji mpaka mapajani. Nikamshika, nikawa naupuliza ule mkono kama tunavyompuliza mtoto, na mdomo wangu ukawa unafanya kazi yake peke yake: "Sori, Hailey. Sori, sori sana."

Nyinyi mnaonisoma hamhitaji kuelezwa. Shuleni kwetu Nakuru mtu akijikwaa, sori zilimfikia kabla hajagusa chini. Chaki ikimponyoka mwalimu, darasa zima tuliitikia, sori tichaa, kama tunaoimbishwa kwaya. Ilikuwa pole iliyovaa nguo za Kiingereza, basi. Na kama palikuwa na mtoto aliyesimama kando ya aliyeumia akiwa kimya, huyo ndiye tuliyemwangalia kwa jicho baya.

Melisa alisimama gatini kimya, viganja viwili mdomoni. Bi. Karin alipofika mbio alikuta mmoja amenyamaza na mwingine anaomba radhi mara kumi.

Jioni ile, mama akisonga ugali, nilimweleza nilichokiona. Akaniuliza kama nilimwona Melisa kwa macho yangu. Nikasema nilimwona. Mwiko ukasimama.

"Usimtaje Melisa," mama akasema. "Nani atanidrop job kesho? Wewe sema tu hukumsukuma. Hiyo sori uwaelezee maana yake, hao ni watu wazima, wataelewa."

Tuliitwa kesho yake. Watu wa huku hawapendi kukuhukumu ukiwa umesimama. Walipanga viti duara, katikati wakaweka boksi la karatasi za kufutia machozi. Alikuwepo naibu wa mwalimu mkuu, Bi. Karin, Hailey na mama yake, na Melisa kama shahidi. Mama alikuja na sare ya kazi. Hajaketi, akamwona Hailey, mkono umefungwa plasta kutoka vidoleni mpaka kwenye kiwiko, uso umevimba kwa kulia. Mama yangu mtu wa watu akaweka kiganja kifuani, akamwinamia yule mtoto akasema, "Oh, sori. Sori, mami. Sori sana." Kisha akamgeukia mama mtu akamwambia vilevile.

Mama yake Hailey akafuta macho akamshukuru kwa kukubali kosa. Naibu akaandika. Nikaona kalamu ikitembea nikajua tumekwisha.

Nikaanza kueleza. Nilieleza kwa Kiingereza changu chenye lafudhi nzito kwamba kwetu sori si kukiri, kwamba hata mti ukimwangukia mtu tunamwambia sori na hatukuupanda sisi. Nilieleza haraka, nikarudia, na kadiri nilivyorudia ndivyo nilivyofanana na mwongo. Naibu alinisikiliza mpaka mwisho, kwa upole uleule wa bwana wa mtihani. Kisha akageuka.

"Melisa, nyumbani kwenu mnazungumza lugha hiyo. Ni kweli anavyosema?"

Nilipumua. Nakumbuka nilipumua kabisa, mabega yakashuka, kwa kuwa mtu wetu alikuwa ameulizwa. Mama naye alimtabasamia, kama kumwambia haya mwanangu, watafsirie. Melisa aliangalia viatu vyake, zile raba nzuri.

"Mimi sijui Kiswahili," akasema. "Mama yangu akisema sori, ni kwa sababu amekosa."

Chini ya kiti, mguu wa mama ukakanyaga wangu ukabaki hapo. Haukunikanyaga kwa nguvu. Ulikaa tu juu ya wangu mpaka mkutano ukaisha, na mimi nikanyamaza kama nilivyoambiwa. Nilikuwa na hasira iliyonipofusha, na sikujua niielekeze kwa nani.

Hakuna aliyenifokea. Waliniambia wanathamini ujasiri wangu wa kuomba radhi, na kwamba muhula wangu wa kiangazi umeishia hapo. Bi. Karin alinikumbatia. Ningependelea anichape.

Tulirudi nyumbani kwa gari la Mama Melisa, kwani tungerudi na nini? Mimi na Melisa tulikaa nyuma, harufu ya maboksi ingali kwenye viatu vyangu. Mama yake akawa anaagiza kwa Kiswahili kama kawaida: "Melisa funga mkanda. Melisa mpe Kerubo maji, yako hapo chini ya kiti." Alifunga mkanda. Alinipa maji. Mama yangu alipoona ninavyomtazama Melisa, tulipofika kwetu aliniketisha akaniambia nimsamehe, kwamba watoto wa huku husikia vya kula na vya mkanda tu, maneno ya ndani hayajui hata mmoja wao. Hakudanganya, aliulizwa kitu asichokijua.

Na mimi nikaamini. Nililishika neno lile kwa mikono miwili, maana bila hilo ningemchukia, na kila Jumapili tulikuwa benchi moja.

Septemba nikaingia darasa la wageni. Nilichora tufaha. Watoto wengine nao hawakuwa wamesahau. Mtu akinikanyaga koridoni, "Sori, Sori." Mlo wa mchana walikuwa wakidondosha sinia makusudi karibu na meza yangu, kisha wanageuka wote kunitazama, wakisubiri. Na mimi, mjinga wa malezi mema, ulimi ulinitangulia: "Sori." Meza nzima inalala kwa kicheko. Siku moja mvulana aliyeanguka kweli kwenye ngazi za barafu alinitazama akiwa chini, goti linatoka damu, naye akawa anasubiri. Sikusema kitu. Nilimruka nikapita. Ndiyo siku waliyoacha kuniita Sori, na mpaka leo nikifikiria nilivyoliponyoka jina lile, nasikia ubaridi. Sasa mimi ni nesi huko Coon Rapids. Wazee wangu wakijigonga, kwanza nameza mate, ndipo nawashika. Nawashika vizuri. Lakini wananiambia mimi ni mtu wa maneno machache.

Jumamosi iliyofuata baada ya gereji kulowa tulialikwa nyama choma, kijana wa kanisani amemaliza sekondari. Melisa alikuwepo. Ni mfamasia huko Maple Grove, ana mtoto wa miaka miwili hivi, na sisi husalimiana kama watu wa kanisa moja wanavyosalimiana. Nilikuwa nakata kachumbari. Yule mtoto akajikwaa kwenye kasha la barafu la soda, akaanguka kwa magoti, na kabla sijaweka kisu chini mama yake ameshafika, amepiga magoti kwenye nyasi, ameushika ule mguu mdogo, anaupuliza.

"Sori, mami. Sori, sori sana. Umeumia? Sori."

Ilikuwa sori yetu, ya Nakuru, na pumzi yake juu. Hainunuliwi ukubwani hiyo, ama umepulizwa nayo ukiwa mtoto ama huna. Alipulizwa nayo nyumba ileile ambamo mama yake husema sori akiwa amekosa. Nilisimama na kisu changu na kitunguu. Miaka yote hii nimemsamehe mtoto asiyejua, na mtoto huyo hakuwepo.

Alipoinua macho aliniona. Nadhani aliona pia ninachokiona, kwa sababu alichelewa kuinuka. Baadaye alinifuata mezani, mtoto amelala begani, akasimama karibu yangu akiangalia sahani.

"Sori, Kerubo," akasema.

Niligeuka kumtazama. Lakini sikujua ni sori ipi. Nikamwambia, "Sema kwa Kiswahili."

Ilibidi achague. Lugha yetu haina pa kujificha hapo: kuna neno la aliyekosa, na kuna neno la mpita njia. Alimhamisha mtoto bega hili hadi lile, akafikiri, na niliona kabisa kwamba maneno yote mawili anayo.

"Pole," akasema.

Nami nikamjibu kama nilivyolelewa. Nikasema asante.