Tuliingia kwa Kuruka Ukuta

Mimi simwamini mtu anayecheka asubuhi ya mechi. Anacheka nini? Nimekuwa kocha wa chuo chetu hapa Mtwara tangu uwanja ukiwa kichaka cha mikorosho. Mpira wa miguu niliuanzisha mimi. Wa kikapu pia niliuanzisha mimi, kwa ringi ya baiskeli iliyopigiliwa kwenye gogo la mnazi, na vijana wa Msimbati ambao hawakuwahi kuona mpira unaodundwa kwa mkono. Wachezaji wale wale walicheza michezo yote miwili. Wengine tungewatoa wapi?

Timu zote mbili nilizilinda kwa njia moja: kutomwamini mtu. Maji ya wachezaji niliyachota mwenyewe nyumbani kwangu Chuno, na dumu likalala chini ya kitanda changu. Asiyecheza hakuligusa. Jezi tulivalia ndani ya basi, si kwenye vyumba vya wenyeji, thubutu! Na ugenini hatukupita getini, maana kila aliyecheza mpira huku anajua kinachofukiwa getini. Tuliruka ukuta. Sheria yangu ilikuwa kwamba ulikoingilia ndiko utokee, la sivyo nyota yako inabaki humo ndani.

Msimu uliopita chuo kikaniletea msaidizi. Kijana, ana cheti, ana filimbi shingoni. Aliniamkia kwa adabu mno, na adabu ile ikanitia wasiwasi. Siku moja nikamkuta kwa mkuu wa chuo, na nilipotokea mlangoni wote wawili wakanyamaza. Baadaye mkuu akaniambia, "Mwalimu, tuione kwanza hii fainali. Umri nao umesogea." Tuione kwanza! Nikajua tukifungwa, timu ni ya kijana.

Fainali, ya mpira wa miguu, ilikuwa ugenini. Tulipofika nikaona ardhi ya getini imelowa, na mvua haikuwa imenyesha kwa muda mrefu.

"Ukutani," nikasema.

"Mwalimu," kijana akasema, "ni yule mama muuza juisi kamwaga maji ya barafu. Ndoo yake ile pale."

"Wewe umejuaje?"

Akacheka. Mbele ya wachezaji! "Mimi napita getini," akasema, akapita kweli, peke yake.

Vijana wakaruka mmoja mmoja. Mimi nikawa wa mwisho, na dumu langu. Mguu ukateleza, nikadondoka upande wa nje, kifundo kikateguka. Wakanichungulia kutoka juu ya ukuta.

"Nendeni!" nikafoka. "Mnanitazama nini?"

Dereva wa basi akanikokota hadi kivulini, akataka kunipeleka hospitali. Nikakataa. Naye haraka ile ya kuniondoa pale alikuwa nayo ya nini?

Basi fainali nikaisikiliza nikiwa chini ya ukuta. Kelele zikalipuka, nisijue goli ni la nani. Zikalipuka tena. Nilimsikia kijana akiwapanga mabeki: "Shukeni, shukeni!" Hilo neno ni langu mimi. Kaliiba lini?

Filimbi ya mwisho ilipolia, nikakaza macho getini. Wakitokea pale, nimekwisha. Kombe wawe nalo wasiwe nalo, hawatakuwa wangu tena. Wakatoka wenyeji, akatoka refa, akatoka hata mama wa juisi na ndoo yake. Jezi zetu sikuziona. Niliogopa, nasema kweli, kuliko nilivyowahi kuogopa mechi yoyote.

Nikasikia mkwaruzo juu ya kichwa changu. Kikatokea kiatu safi, ikafuata suruali iliyochanika gotini. Kijana wa cheti! Nyuma yake wakaruka vijana wangu, wote, wamelowa jasho.

"Wewe uliingilia getini," nikamwambia.

"Nimewaambia tutokee getini, wamekataa. Wamesema Mwalimu yuko huku." Akajipangusa vumbi. "Tumefungwa mbili bila."

"Na nyota yako umeiacha humo ndani."

"Ibaki, Mwalimu."

Nilimtazama usoni nikitafuta kicheko. Hakikuwepo. Midomo yake ilikuwa imekauka kwa kupiga kelele. Nikalivuta dumu, nikafungua kifuniko, nikamsogezea.

"Kunywa," nikasema. "Na mechi ijayo, uyachote wewe."