Bitruti na Kigololi cha Shingoni

Mtaa mzima ulimwita Bitruti, kwa vile viganja vyake havikukosa wekundu wa juisi aliyokamua kutwa. Kibanda chake kilipakana na cha kinyozi, na mdomo wa Bitruti ulifanya kazi kuliko mashine yake ya juisi. Redioni alisikia kwamba rangi za mboga na matunda zina viini vinavyoweza kupunguza kasi ya kukua kwa uvimbe, naye akatia chumvi: glasi moja tu, uvimbe unayeyuka kama samli juani. Watu walicheka, wakanunua.

Siku moja kinyozi alikuwa akimnyoa ndevu. Wembe ukasimama chini ya taya. Akapapasa kwa kidole, akauliza taratibu, "Hiki kigololi unacho tangu lini?"

Bitruti akatania kwamba labda amemeza kokwa.

Hakumwambia mtu. Akageuka mteja wake mwenyewe: asubuhi bitruti na karoti, mchana majani mabichi, jioni manjano kwa vijiko. Kila akibaki peke yake, mkono ulikwenda shingoni wenyewe. Leo kimepungua, kesho kimekua. Akaanza kufunga shati hadi kifungo cha juu. Mkewe alipouliza mbona viganja na nyayo zimekuwa rangi ya chungwa, alimjibu kwa ukali, jambo ambalo mama wa watu hakulizoea.

Asubuhi moja chooni akaona mkojo mwekundu. Hata hakukumbuka alichokunywa jana. Alijua tu damu inamtoka na ugonjwa umeshasambaa. Akaketi kwenye sakafu yenye maji, akamwita mkewe.

"Mama watoto, nakufa," akasema, akamshikisha mkono shingoni.

Mkewe hakulia. Alisema tu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, akachukua mtandio, wakaenda hospitali.

Daktari, binti wa umri wa mwanawe, alimweleza kwamba wekundu ule ni bitruti, na rangi ya viganja ni karoti. Bitruti akakaribia kucheka. Ndipo akaambiwa shingo ni habari nyingine. Lazima kitolewe kinyama kipimwe.

"Lakini redioni walisema viini vya mboga vinapunguza uvimbe."

"Kwenye chupa za maabara na kwa panya, baadhi vimeonyesha hivyo," daktari akajibu. "Kwa mtu mwenye uvimbe, hatuna uhakika huo. Kula mboga, baba, mwili unazihitaji, ila hazitibu saratani. Na poda kama za manjano usimeze kabla ya kuniuliza. Nyingine hugombana na dawa."

Ilikuwa saratani. Wakamfanyia upasuaji, sauti ikabaki ya kukwaruza. Kitandani, hofu mpya ikamshika: wangapi walimwamini? Akamkumbuka mshonaji mmoja, mjane, aliyenunua glasi kila siku huku akijishika ubavuni, chini ya kwapa, na aliyewahi kumtajia kliniki.

Aliporuhusiwa hakupitia nyumbani. Alimkuta kwenye cherehani, akamwuliza kama bado anahudhuria kliniki. Mshonaji akasema aliacha. Si juisi ilikuwa inatosha?

"Dada, nilikudanganya," Bitruti akakwaruza. "Na mimi nilijidanganya."

Mshonaji aliinamisha kichwa, akachomoa kitambaa chini ya sindano, akakikunja polepole.

Sasa wamekaa benchi moja nje ya chumba cha daktari, yeye kwa uchunguzi wake, dada wa watu kwa majibu yake. Mlango ukifunguka wote wawili wanashtuka. Bitruti hajui amwombe Mungu lipi kwanza: kupona kwake mwenyewe au kwa dada huyu.